Jeni ya Ukoo wa Kihara

Mzee Kihara wa Uthiru alijitwalia kila kizuri cha watoto wake. Kimo cha Ken, kwake. Meno ya Wanjugu, kwake. Kasoro zote aliziacha upande wa mkewe, Annah.

Basi Wanjugu alipomaliza matibabu ya saratani ya titi, na vipimo vikaonyesha alizaliwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo CHEK2, mzee hakusita.

"Hiyo ni ya kwenu," alimwambia mkewe. Annah akaendelea kukatakata sukuma wiki.

Daktari Rumaisa, kwenye kliniki moja ya Spring Valley, aliwapima wazazi wote wawili.

"Seli ikiharibika," aliwaeleza, "jeni hii huisimamisha isijigawe mpaka irekebishwe."

"Kama soja wa geti," akasema Kihara. "Sasa huyu wa Wanjugu analala kazini. Kwa kina Annah ndivyo walivyo. Mungai, kaka yake, alikoroma siku ya posa yetu!"

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. "Mama hana," daktari alisema. "Mzee, wewe unayo."

Kihara alivua miwani, akaipangusa, akauliza kama chupa za damu hazikubadilishana. Hazikubadilishana. Annah akaangua kicheko mpaka akashika kiti; Wanjugu naye akafuata. Mzee alipomwona binti yake akicheka hivyo, akamsogelea.

"Kumbe ni mimi nilikupa?"

"Hukuchagua, Baba."

Mzee akamkumbuka dada yake Waringa, aliyezikwa kwa "uvimbe" ambao hakuna aliyethubutu kuutaja jina. Daktari aliposema ndugu zake nao wapimwe, hakubisha.

Ndugu yake Waithaka, mwenye duka la vyuma River Road, alimjibu kwa simu: "Kwetu hakuna hiyo kitu. Uliza kwa wakwe zako."

Kesho yake Kihara akasimama dukani kwa Waithaka, katikati ya mabomba ya maji, akapaza sauti: "Ni yetu! Ni yetu kabisa!" Wateja wakadhani ni kesi ya shamba. Waithaka, kwa aibu, akafunga duka wakaenda kupimwa.

Kufikia mwisho wa mwezi uliofuata watu kumi na mmoja wa ukoo walikuwa wamepimwa. Wanne walikuwa nayo, na mabinti wawili kati yao wakaanza kuchunguzwa matiti kila mwaka. Waithaka hakuwa nayo. Alikaa na karatasi yake mkononi, amenuna.

"Daktari, angalia tena," alisema. "Ama mimi si wa huku?"