Chujio Lenye Marinda

Fundi Tepe hakuwa na nywele, hakuwa na shamba, na hakuwa na masikio ya kusikiliza ushauri, ingawa yale ya kushikia miwani alikuwa nayo, tena makubwa. Hakuwa na kitabu cha maelezo ya pikipiki yake, kwa kuwa aliinunua kwa mtu ambaye naye hakuwahi kukiona. Na tangu Jumatatu asubuhi hakuwa na chujio la oili. Lile la zamani, alipolitoa kwenye injini, lilikuwa limenywea kama soksi iliyosahauliwa ndani ya ndoo.

Alichokuwa nacho ni tepe ya kupimia. Alikuwa fundi cherehani, na tepe hiyo haikutoka shingoni mwake ila wakati wa kuoga. Mkewe, Mama Pacha, husema kwamba hata siku ya harusi yao aliivaa juu ya tai.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia asubuhi hiyo, mikono kiunoni, "Jumamosi naenda kwa dada yangu na gauni langu jeupe. Nitapanda hiyo pikipiki yako. Tone moja la oili likigusa gauni, pikipiki inakwenda kwa kaka yangu. Nimemaliza."

Kaka mwenyewe alikuwa ameshakaa uani, juu ya kiti cha pikipiki inayozungumziwa. Alikuwa mkulima wa mboga, pande la mtu, na alikuwa akitafuta injini ya kuendeshea pampu ya maji. Alikuja na kamba kabisa.

"Shemeji, usiumie roho," alisema. "Itamwagilia kabichi zangu. Ukiikumbuka, utakuja kuisalimia."

"Pikipiki yangu haitamwagilia kabichi ya mtu!"

"Basi nyanya."

Pikipiki ile ilikuwa imevaa kuliko watu wengi wa mtaani. Fundi Tepe alikuwa ameishonea kiti cha velveti, akaivika mikono yake soksi za sufu, na tangi akalishonea koti zito lenye zipu na kola. Kumpa mtu aifunge kwenye pampu, katikati ya matope, kwake ilikuwa sawa na kumtoa mtoto akafanye kibarua.

Akaenda kwenye duka la vipuri. Minyororo na tairi zilining'inia hadi mlangoni, na nyuma ya kaunta alisimama mama mmoja mwenye kijiti mdomoni na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Pikipiki gani?"

"Yangu."

"Najua si yangu, baba. Nauliza modeli. Imeandikwa kwenye tangi."

"Tangi langu limevaa," alisema Fundi Tepe. "Na mimi simvui mtu nguo ndiyo nijue saizi yake. Wewe lete machujio, kupima niachie mimi."

Muuza vipuri akamwaga vikasha juu ya kaunta. Fundi Tepe alifungua cha kwanza, akatoa chujio, akatabasamu. Lilikuwa la karatasi iliyokunjwa marinda, moja baada ya jingine, kama sketi ya shule.

"Loo! Hii imepigwa pasi na nani?"

"Na kiwanda. Chagua, baba, kuna watu nyuma yako."

Alilipima chujio lake kuukuu urefu, kifua na kiuno, kisha akachukua jipya lililolizidi kwa upana wa kidole kila upande.

"Hilo kubwa," muuza vipuri alimwambia.

"Hapo nimeacha nafasi ya mshono."

"Nafasi ya nini? Injini hainenepi!"

"Wote husema hivyo. Halafu wanarudi kwangu vifungo vimekatika. Isitoshe, hii ni karatasi, na inakwenda kulowa. Je, ikisinyaa?"

Watu waliokuwa nyuma yake walicheka. Mmoja akamuuliza kama atalitia na mifuko. Fundi Tepe alikunja tepe yake, akaondoka na chujio lake kifua mbele.

Nyumbani, chujio halikuingia. Alilisukuma, likagoma. Alililaza upande, likagoma. Fundi mwingine angerudi dukani, lakini Fundi Tepe hakuwahi kumrudishia mtu nguo maisha yake yote, yeye hupunguza. Alibandua vifuniko viwili vya bati kwa ncha ya mkasi, akafumua karatasi, akakata marinda kadhaa, kisha akalishona upya kwa mshono maradufu. Mpira wa kuzibia kifuniko cha injini ulikuwa umekatika, basi akaweka lastiki ya kiuno cha suruali. Akafunga bolti, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande kama afanyavyo mbele ya mteja.

"Limekaa," alisema.

"Nibebe mimi kwanza," shemeji akadai. "Mali yangu lazima niionje."

Alipanda nyuma na suruali yake ya kijivu, aliyoshonewa na Fundi Tepe huyohuyo. Wakapita kwa kinyozi, watu wakawapungia mkono. Walipokata kona, lastiki ilifanya kama lastiki zote zifanyavyo zikichoka. Kifuniko kilitema oili, na oili ikamwosha shemeji mguu wa kulia kuanzia gotini hadi ndani ya kiatu.

"Shem! Simamisha! Mguu wangu umepata joto!"

Walirudi wakiisukuma. Shemeji alikuwa akicheka mpaka machozi, na alipofika uani alikimbilia kamba yake.

"Weka chini," Mama Pacha akamwambia. "Nilisema gauni langu. Suruali yako niliitaja saa ngapi? Mimi neno langu silipindi, hata kwa ndugu yangu."

Halafu akamgeukia mumewe, akamvua ile tepe shingoni, akaivaa yeye.

"Sasa twende dukani, na pikipiki yenyewe."

Muuza vipuri aliwaona kwa mbali, akatoa kijiti mdomoni. "Karibu, fundi. Imenenepa?"

"Mvue koti," Mama Pacha aliagiza.

"Hapa?" Fundi Tepe aliuliza. "Mbele za watu?"

"Hapa hapa."

Fundi Tepe alivua shati lake mwenyewe, akabaki na fulana, akalitandaza kama pazia ili wapita njia wasione. Mama Pacha akashusha zipu. Modeli ilikuwa imeandikwa kwenye tangi kwa herufi za kuonekana barabara ya pili. Muuza vipuri alisoma, akanyoosha mkono kwenye rafu bila hata kuigeukia, akatoa kikasha kidogo chenye chujio na mpira wake.

Fundi Tepe aliligeuza chujio kiganjani. "Hili la mtoto. Litambana."

"Linatakiwa limbane, baba. Likipwaya, oili inapita pembeni bila kuchujwa."

Mkono wa Fundi Tepe ulikwenda shingoni kutafuta tepe, ukakuta shingo tupu. Akalichukua.

Jumamosi Mama Pacha alipanda na gauni lake jeupe. Shemeji aliwafuata kwa baiskeli, kamba begani, macho barabarani akitafuta matone kama kuku anayetafuta mchele. Walipofika kwa dada mtu, alipiga magoti hata kabla ya salamu, akaanza kuukagua upindo wa gauni.

"Hili hapa! Doa!"

Fundi Tepe alishika usukani kwa mikono miwili. Mama Pacha aliinama, akakiangalia kile kialama cheusi, akakipangusa kwa kidole. Kikatoka.

"Chaki nyeusi ya fundi," alisema. "Mume wangu hajui kupiga pasi bila kuchora. Inuka, kaka, unachafua magoti."

"Sasa kabichi zangu?"

"Nunua ndoo."

Jioni hiyo Fundi Tepe alirudishiwa tepe yake. Akakaa kwenye cherehani, akachukua kile kikasha kilichokuwa na anwani ya kiwanda, akaandika barua:

"Kwa Wakurugenzi. Chujio lenu nimelivika pikipiki yangu nalo limemkaa. Marinda yamenyooka, hongereni. Ila nimeona hamkuacha nafasi ya mshono hata kidogo. Leo injini ni nyembamba, lakini nani ajuaye ya mbele? Nawashauri mshone saizi tatu: nyembamba, ya kawaida na mwenye mwili wake. Mkikwama, niko tayari kuja kuwaonyesha."

"Watakucheka," Mama Pacha alisema, akisoma begani kwake.

"Wacheke, mradi wapokee."

Gundi ya bahasha ilikataa kushika. Basi akaiweka chini ya sindano, akaishona pande zote nne, mshono maradufu, akakata uzi kwa meno. Jumatatu karani wa posta aliigeuza mara kadhaa, akauliza itafunguliwaje.

"Kwa mkasi," alisema Fundi Tepe. "Na waache nafasi."

Karani akaigonga muhuri, akaitumbukiza ndani ya gunia.