Upenyo Karibu na Bawa

Kizibao cha rangi ya chungwa kiligoma kufungika. Mkaguzi alikivuta huku, akakivuta kule, akamwomba Mama Pacha abane pumzi, na Mama Pacha akaibana mpaka macho yakamtoka, lakini vifungo na matundu yake vikabaki vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Wafagizi wenzake kwenye foleni walishavunjika mbavu. Mwishowe mkaguzi, mwanamke mwembamba aliyetumwa na mamlaka ya usafiri wa anga, akavua kamba ya kitambulisho chake mwenyewe, akaziunganisha nayo zile pande mbili za kizibao, kisha akaandika mgongoni kwa wino mzito: MLANGO WA BAWA.

"Umenipeleka palepale ninapopaogopa," Mama Pacha akamwambia.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekupeleka."

Sasa, ili umwelewe Mama Pacha, lazima uielewe ile safu ya bawa. Mwanamke huyu alianza kusafisha ndege pacha wake wakiwa bado wanatambaa, na leo pacha hao ni watu wazima wenye nyumba zao. Mkanda gani unakwama, meza gani inaficha makombo, kiti gani watoto hupenda kukitapikia, yote aliyajua. Kupaa, hakuwahi kupaa hata siku moja. Na katika ndege nzima hapakuwa na mahali palipomtesa kama pale penye mlango wa dharura unaotokea juu ya bawa. Upenyo wa kuufikia mlango ule, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, ulikuwa mwembamba hivi kwamba kila siku ya Mungu aliuingia ubavu ubavu, mpira wa mashine ya kufyonza vumbi ameuinua juu ya kichwa, tumbo amelirudisha ndani, akisonga kidogo kidogo na kunung'unika. Wenzake waliujua wimbo huo wa manung'uniko kwa moyo.

Pacha wa kike alikuwa ng'ambo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imepigwa picha na kuonekana vichwa viwili. Mara tatu alishamwambia mama yake, njoo, tiketi nalipa mimi, sitaki kujifungua nikiwa na wageni watupu. Mara tatu Mama Pacha alizua visingizio. Mara magoti. Mara kazini watu ni wachache. Mara baba yenu hajui kupika, nikimwacha peke yake nitarudi nikute mifupa. Binti alikuwa ameanza kunyamaza kwenye simu, kule kunyamaza kwa mtoto aliyekata tamaa lakini hataki kukosa adabu, na kukamkata mama maini.

Ukweli hakumwambia mtu. Alijua kwamba ndege ikipata balaa, watu hukimbilia milangoni, na yeye alijua mwili wake na alijua ule upenyo. Angekuwa kizibo cha chupa. Habari ya kufa yeye hakuiwaza sana. Aliwawaza wale watakaokuwa nyuma yake, watoto wa watu, wakifa kwa sababu mwanamke mmoja mnene alitaka kwenda kuwaona wajukuu zake.

Ndipo mamlaka ilipoleta pendekezo la kanuni mpya: kila ndege ya abiria ing'olewe kiti kimoja kila upande karibu na mlango wa bawa, upenyo uwe mpana. Kampuni ya ndege ilinuna, maana kiti ni tiketi. Ikasema majaribio ya zamani yote yalifaulu, watu wote walitoka ndani ya dakika moja na nusu inayotakiwa. Mkaguzi akauliza waliotoka walikuwa kina nani. Ikabidi kampuni ikiri kwamba walikuwa vijana wake yenyewe, wamevaa raba. Basi ikaamuliwa jaribio lirudiwe na watu kama watu walivyo: wazee, wanene, wenye magoti mabovu. Zingewekwa ndege mbili ndani ya karakana, moja ilivyo, nyingine imeng'olewa viti hivyo. Jina la kwanza kuandikishwa lilikuwa la Mama Pacha. Wenzake aliwaambia anafuata chakula cha bure. Moyoni alitaka kujua, basi. Kama hata upenyo mpya ungemshinda, angempigia binti yake amwambie asimsubiri tena.

Wa pili kuandikishwa alikuwa mumewe. Fundi Saa, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa mzee mkavu, mrefu, mwenye subira ya kuokota skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga. Wawili hao wakisimama pamoja, watoto wa mtaani huwaita Kumi, yeye moja na mkewe sifuri. Siku hiyo alikuja na koti lake la harusi, na kizibao juu yake kilimpwaya. Mama Pacha akamuuliza koti la nini. Akajibu kwamba hajawahi kualikwa kwenye ndege, na mtu akialikwa huvaa.

Wakapandishwa kwenye ndege ya kwanza, iliyoachwa ilivyo, wakaketi safu chache nyuma ya mlango wa bawa. Milango ya karakana ikafungwa, taa zikazimwa, kukawa giza la kutiana vidole machoni. Filimbi ikalia. Wahudumu wakapaza sauti: fungueni mikanda, acheni mizigo, njooni huku. Mama Pacha akainuka mbio mbio, akapiga hatua ya kwanza na kukanyaga mto.

Mito, blanketi na mabegi yalikuwa yametupwa njiani makusudi, ili jaribio lifanane na ajali. Lakini mikono ya mwanamke huyu ilikuwa imeokota vitu kwenye ile njia miaka yote, na haikusubiri ruhusa. Akainama. Akaokota mto, akauweka kitini. Akaokota blanketi, akalikung'uta, akalikunja pande nne. Taa zilipowashwa ghafla alikuwa na blanketi tatu mkononi na foleni ya watu nyuma yake mpaka mkiani, na mbele kidogo wafagizi wengine wawili nao wameinama, kila mmoja na lundo lake. Msimamizi wa usafi akajishika kichwa. Mkaguzi alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akatafuta pa kuegemea. Jaribio likafutwa, wakaanza upya.

Mara hii mikono aliifunga kifuani. Filimbi, giza, kelele, akafika kwenye upenyo, akageuka ubavu kama kawaida yake. Lakini siku za kazi hakuna anayekusukuma. Sasa watu walikuwa nyuma wanasukumana, na mkono wa kiti ukamshika nyonga huku mgongo wa kiti cha mbele ukimbana tumbo. Akavuta pumzi, wapi. Akajisukuma, wapi. Jambo lile lile alilolikimbia mara tatu kwenye simu lilikuwa limempata, na machozi yakaanza kumtoka pale gizani. Watu wakaanza kumpita kwa kuruka juu ya viti. Mkono mmoja tu ulibaki mgongoni kwake, mkono mkavu, na aliujua.

"Pita juu ya viti, baba," akasema. "Pita, muda unakwisha."

"Nipite niende wapi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini analala nyumbani kwake. Kisha akaweka bega, akaanza kumsukuma mkewe kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi. Filimbi ya mwisho ikawakuta hapo hapo, na nyuma yao kuna watu chungu nzima hawajatoka.

Nje walikaa juu ya gurudumu kuukuu la ndege, wakapewa maji. Mama Pacha akayasema yote. Akasema habari ya upenyo, ya kizibo cha chupa, ya watoto wa watu. Fundi Saa alisikiliza akiizungusha chupa ya maji mikononi.

"Kwa hiyo magoti hayaumi?"

"Yanauma. Lakini si hayo."

"Na kupika sijui?"

"Hujui."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema yeye alidhani ni kwa ajili yake mkewe anakataa kwenda, na kwa siri ameshaunguza sufuria mbili akijifunza kupika, zote kazificha nyuma ya tangi la maji. Mama Pacha akamwangalia mzee huyu na koti lake la harusi. Alimpenda wakati ule kuliko siku koti lile lilipokuwa jipya, na akamwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, mbele ya wafagizi wote. Wafagizi wakageuka kutazama pembeni, na mmoja akapenga kamasi.

Wakaitwa kwenye ndege ya pili.

Filimbi ikalia. Mama Pacha akasimama, akaruka mto, akaruka begi, akafika. Akageuka ubavu, akabana tumbo, akanyoosha mkono kuupapasa mgongo wa kiti. Mkono haukugusa kitu. Akasogea tena, bado anabana tumbo, mpaka alipoelewa kwamba anajibana bure. Pale palipokuwa na kiti palikuwa na zulia tu, na hata kwa mwanga hafifu wa taa ya kijani ya mlangoni aliona kwamba ni jipya, rangi yake haijachuja, mahali ambapo mashine yake haikuwahi kufika. Akageuka akatazama mbele. Akatembea kwa upana wake wote, mabega, nyonga na kila alichojaliwa, akainua mguu juu ya kizingiti cha mlango, akajikuta amesimama juu ya bawa.

Mwanamke akaachia kicheko. Hakikuwa cha aibu wala cha kuombea radhi; kilitoka tumboni kule kule alikokuwa akikubana, na karakana nzima ikakisikia.

Nyuma ya bawa mtelezo wa mpira ulikuwa umejaa upepo, unashuka mpaka chini kwenye magodoro. Watu walikuwa wanaketi na kuteleza, puu, puu. Akatazama nyuma kumtafuta mumewe. Fundi Saa alikuwa ametoka salama, ila alipofika ukingoni na kuona chini palivyo mbali, aligoma kuketi. Alisimama ameshika vifungo vya koti, na nyuma yake watu wakaanza kujazana juu ya bawa.

"Tangulia wewe," akasema. "Mimi nitafuata baadaye."

"Baadaye ipi? Saa inakwenda, na wewe ndiye fundi wake."

Hakungoja jibu. Akaketi juu ya mtelezo kama anayeketi kochini kwake, akamkamata mumewe kiunoni, akampakata. Waliokuwa chini wanasema kilichoonekana ni miguu miwili myembamba imenyooka mbele na koti linapepea, na nyuma yake rangi ya chungwa tupu. Wakatua kwenye godoro kwa kishindo. Wengine wakafuata upesi upesi, na wa mwisho alipogusa chini mkaguzi akatazama saa yake, kisha akainua mkono juu. Muda ulikuwa umebaki.

Makofi yalipotulia mkaguzi alieleza kwamba mambo bado. Hili ni pendekezo tu, maoni yatakusanywa, kampuni nayo ina yake ya kusema. Akawauliza walioshiriki. Mama Pacha alisema maoni yake ni kwamba wakikirudisha kile kiti atakuja kukaa yeye mahali pake, waone kipi kigumu kukiondoa. Mkaguzi aliyaandika kama yalivyo. Kisha msimamizi, ambaye asubuhi nzima alikuwa amenuna, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ndege haitaguswa hadi kanuni iamuliwe. Itarudi kazini hivi hivi, na kila Jumatano itakuwa inakwenda ng'ambo. Mama Pacha akamuuliza ng'ambo ipi. Alipoambiwa, akaomba simu ya mumewe, maana yake ilikuwa imebaki kwenye begi, akatafuta namba ya binti yake.

Binti alipokea kwa ile sauti yake ya adabu. Mama Pacha akamwambia amkatie tiketi, ndege ya Jumatano, si nyingine. Akamwambia zikate mbili, na baba yako anakuja, anajua kuunguza sufuria. Kule ng'ambo kitu kikaanguka, sahani au bakuli, na binti akawa analia na kucheka, huku akisema mama, mama, mama, kama enzi zile akitaka kubebwa.

"Usilie, utawashtua wajukuu zangu. Niambie huko kuna baridi kiasi gani."

"Baba yuko wapi? Nipe nizungumze naye."

Mama Pacha akageuka. Gurudumu walilokuwa wamelikalia halikuwa na mtu. Mafundi walikuwa wanataka kuupima mtelezo mara moja zaidi, wakaomba mwenye nguvu apande tena, na juu ya bawa, mbele ya vijana watatu, alisimama mzee mrefu mkavu, koti amelifunga vifungo vyote. Aliinama akatazama chini. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena mbele.

"Subiri kidogo, mwanangu," Mama Pacha akasema. Akaibana simu kati ya sikio na bega, akatembea mpaka mwisho wa mtelezo, akapanga miguu yake vizuri juu ya godoro, akafungua mikono yote miwili.