Sweta Lisilofuliwa

Mama mkwe wangu ni dobi, na majirani humwita Bi Doa kwa sababu hakuna doa lililowahi kumshinda. Damu, kutu, wino, vyote humnyenyekea. Kusoma hajui. Kwa hiyo nilipoanza masomo ya jioni, kila Jumanne, tulipatana: yeye aniangalizie mtoto, na kesho yake, akiwa anapiga pasi, mimi nimsomee nilichoandika daftarini.

Nilimsomea habari za mito, za figo, za majira ya mwaka. Alisikiliza kwa adabu tu, kama redio ya jirani. Mpaka mwalimu alipotufundisha juu ya Budha. Siku hiyo pasi ilisimama.

"Hebu rudia hapo," akaniambia.

Nikarudia. Kwamba Budha alifundisha kweli nne. Ya kwanza, maisha yana mateso: kuugua, kuzeeka, kufa, kutengana na unachokipenda. Ya pili, mateso hayaji bure. Mzizi wake ni tamaa, kung'ang'ania vitu ambavyo kwa asili yao havikai. Mara mtoto akaamka analia, maziwa yakanichuruzika, nikafunga daftari. Nikasema mbili zilizobaki tutazisoma Ijumaa.

"Mzee yule alikuwa na akili," Mama akasema. "Havikai. Laiti wifi yako angesikia."

Wifi ni binti yake wa pekee. Alikuwa amerudi nyumbani miezi mitatu nyuma, baada ya kumzika mtoto wake wa miezi saba. Mumewe alimleta apumzike, na tangu hapo hakuwa amekuja kumtazama. Alikuja na begi moja. Ndani yake mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na ndani ya mfuko sweta la manjano ambalo mtoto alilivaa siku ya mwisho. Lilikuwa na doa la maziwa kwenye kola. Halikufuliwa. Kila asubuhi alifungua fundo, akatia pua mara moja tu, akafunga upesi. Aliwahi kuniambia anaitumia ile harufu kwa kipimo, huenda ikamfikisha mwaka. Mwanangu mimi, wifi hakuwa amemgusa hata siku moja.

Mama alinung'unika kwamba wateja wakijua Bi Doa analala nyumba moja na maziwa yaliyochacha, watapeleka mashuka yao kwingine. Tulidhani ni utani.

Alhamisi alimtuma wifi kupeleka nguo za mteja. Nilikuwa jikoni niliposikia maji, kisha ile harufu kali ya dawa ya madoa. Nilipotoka uani sweta lilikuwa limeshazama kwenye beseni. Nikamsihi alitoe. Akanijibu, bila kuinua kichwa, kwamba jipu hutumbuliwa halibembelezwi, na kwamba maneno yale nilimsomea mimi mwenyewe. Akasuuza maji matatu. Akalianika juani, safi kuliko siku liliponunuliwa, na kusema kweli alikuwa akiimba. Aliona anatenda wema.

Wifi aliliona kabla hajatua kikapu. Hakupiga kelele. Alilitoa kambani likichuruzika maji, akajifunika nalo uso, akavuta pumzi. Akavuta tena, na tena, kama mtu anayepuliza moto kwenye majivu.

"Havikai, mwanangu," Mama akasema. "Unachoteseka nacho ni kung'ang'ania. Muulize aliyesoma." Akanionyesha kwa kidevu.

Nilikimbilia daftari. Nikasoma palepale uani: kweli ya tatu, kwamba mateso yanaweza kukoma, ya nne, kwamba iko njia ya kuyakomesha, na anayeifuata hasemi neno la kujeruhi wala hatendi la kudhuru, na huwahurumia wote wenye uhai. Na maelezo ya mwalimu niliyoyapigia mstari: hakuna awezaye kuachilia kwa niaba ya mwenzake.

 Mama akaniuliza kwa nini sikuanza na hayo. Nikamtajia mtoto aliyelia, na lile titi lililovuja.

Wifi akacheka, kicheko kikavu. "Lakini ni kweli, Mama. Havikai. Una binti wangapi wewe?"

"Ni wewe peke yako."

"Haya."

Akaingia ndani kufunga begi. Mama alimfuata, akamkamata mkono mlangoni. Wifi akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine, polepole, kama tunavyowafundisha watoto kuhesabu.

"Achilia, Mama. Si ulisomewa?"

Kisha akanigeukia mimi, akaniomba mwanangu. Nikampa. Akazamisha pua shingoni mwake, akakaa hivyo muda, mtoto akimvuta nywele. Akanirudishia.

"Huyu ana harufu yake mwenyewe," akasema kwa upole. "Usimwogeshe sana."

Sweta aliliacha kizingitini. Begi alilichukua.

Huu ni mwezi wa pili tangu aondoke. Mama bado anafua, lakini Jumatano hataki habari za mito wala za figo. Anataka kweli ya tatu peke yake, ile ya kukoma. Nikimaliza huniuliza kama mwalimu alisema inachukua muda gani. Mimi humjibu kwamba Jumanne nikienda darasani nitauliza, na kila Jumanne, kwa kweli, nanyoosha mkono.