Cheche Nyuma ya Mbao

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na robo alasiri. Mvua ilikuwa imekatika, lakini mawingu hayakuondoka, na ndani ya karakana taa zilikuwa zimewashwa mapema.

Seremala alizima mashine ya randa kwa sababu ya meza. Mteja alikuwa aje kuichukua jioni ile. Vanishi ilikuwa imekwisha kukauka, na sasa mkwaruzo wa msumari ulikata uso wake kutoka pembe hadi pembe. Binti yake wa miaka mitano, aliyeitwa Cheche kwa kutotulia, alisimama kando na msumari mkononi.

"Wewe mtoto!" alinguruma, akanyakua ufito.

Cheche alikimbia. Alijipenyeza nyuma ya mbao nzito zilizoegemezwa ukutani, na kisigino chake kikalipiga gogo lililozizuia zisiteleze. Gogo lilibiringika hadi katikati ya sakafu. Mbao zikalia, zikashuka kidogo, zikasimama.

"Toka humo!"

Ndani, miguu midogo ilikwaruza ukuta ikienda mbali zaidi. Ubao wa mbele ulisogea upana wa kidole.

"Kaka, nyamaza," alisema fundi wake wa rangi, aliyebandikwa jina la Msasa kwa ulimi wake wa kukwaruza watu. "Kila ukifoka anazidi kuingia. Na tukigusa ubao mmoja, zote zitamlalia."

Dada yake Seremala, aliyekuwa akishona mito ya viti chumba cha pili, alikuja mbio. "Mwambie nikimkamata atanitambua! Mtoto mmemdekeza huyu!"

"Dada, nakuomba, funga mdomo," alisema Seremala.

"Mimi ndiye unayeniambia..."

"Shangazi," Msasa alinong'ona, "tazama juu."

Ncha za mbao zilikuwa zinatetemeka. Shangazi alijiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akikishona.

Seremala aliweka ufito chini. Alilaza shavu juu ya unga wa mbao, akachungulia. Aliona unyayo mmoja tu. Alijaribu kusema, sauti ikatoka ya kufoka. Akaishusha, akaanza upya.

"Cheche. Mama. Ni mimi, baba."

"Umekasirika."

"Nilikasirika. Sasa naogopa."

"Baba huwa haogopi."

"Leo naogopa sana. Usisogee, mama."

"Utanichapa."

"Sikuchapi. Niambie kuhusu meza."

Jasho lilimwingia jichoni na hakuthubutu kulifuta. Ubao mmoja ulilia.

"Mashine inaniumiza masikio," alisema Cheche. "Nilikuita, nikakuita. Ukiona kitu kimeharibika ndipo unaizima."

Seremala alifumba macho. Juzi ilikuwa gundi iliyomwagwa. Kabla ya hapo, misumari ndani ya ndoo ya rangi. Mara zote mashine ilikuwa inanguruma, na mara zote aliizima ili apate nafasi ya kumchapa.

"Imezimwa," alisema. "Sasa lala kifudifudi kama mjusi. Fuata sauti yangu, polepole. Usiguse mbao."

"Na shangazi?"

"Shangazi amekula kitambaa," Msasa alijibu kwa sauti ya chini. "Hana nafasi ya maneno."

Kicheko chembamba kilitoka gizani. Kisha zikatokea kucha, nywele zilizojaa vumbi, bega. Seremala hakuvuta. Aliendelea kuzungumza kwa sauti ileile, akimwita mama, akimsifu kwa kila shubiri, mpaka magoti yote mawili yalipotoka. Hapo ndipo alipomkumbatia, na moyo wa mtoto ukampiga kifuani kama nyundo ndogo.

Msasa alimsubiri Seremala afike mlangoni na mtoto, kisha akaugusa ubao wa mbele kwa mpini wa ufagio. Mbao zote zilianguka. Shangazi alimnawisha Cheche uso, akatoka uani akalia peke yake. Seremala alimpigia simu mteja, akamwambia meza haitakuwa tayari, wala hakumtaja mtoto. Cheche aliomba maji, akanywa vikombe viwili, akalala juu ya mito.