Sura ya Nne

Kwa miaka mitatu mwalimu wa uraia aliikwepa sura ya nne. Kila akifika ukurasa ule, kutoka dawati la mwisho, dirishani, alisikia kiti kikivutwa, kama mtu anayesimama kuuliza swali. Akigeuka, kiti kimetulia tuli, hakina mtu. Basi hufunua haraka hadi sura ya tano, ya bendera na wimbo wa taifa.

Pale zamani aliketi msichana waliyemwita Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Baada ya somo la sura ya nne, la uchaguzi, Chiriku alisimama mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, akamuuliza mkuu wa shule mbona viranja wanateuliwa, ilhali kitabu kinasema viongozi huchaguliwa.

"Nani amekutia maneno haya kinywani?" mkuu alifoka.

Chiriku alimtazama mwalimu wake. Mwalimu akainamia viatu vyake.

"Hakuna. Nimesoma mwenyewe," msichana alijibu. Saa nne haijagonga, keshafukuzwa shule.

Mwaka wa nne, mdogo wake Chiriku akaingia darasa lile lile, akaketi palepale. Siku ya sura ile akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona tunairuka? Dada anasema ndiyo tamu kuliko zote."

Mwalimu alishika meza. Halafu akaweka chaki chini, akawasimulia yote, hata habari ya viatu.

Jioni akaenda kwa fundi cherehani alikofanya kazi Chiriku. Alimkuta akipinda sketi ya sare.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mguu wa Chiriku haukuacha kukanyaga cherehani. "Mimi yalikwisha, mwalimu. Ila nilipofukuzwa, mama alikungoja wiki nzima. Alisema, mwalimu wangu hawezi kukosa kuja kunisemea."

"Yuko wapi nimuone?"

"Tulimzika mwaka jana."

Kesho yake mkuu alimkabidhi barua ya onyo. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kudai uchaguzi. Mwalimu akaisaini bila hata kuisoma. Barua haikumnyima usingizi. Kinachomwamsha mpaka leo ni mama ambaye hakuwahi kumwona uso, ameketi mlangoni, amevaa nguo nzuri ya kupokelea mgeni, macho njiani.