Kura ya Roboti

Marete, mwenyekiti wa kituo cha majani chai karibu na Nkubu, ndiye aliyemfuta Kinya kazi ya ukaguzi. Kosa lake lilikuwa moja: aliyakataa majani magumu ya Marete, kwani kituo kilipokea majani mawili machanga na chipukizi tu, akayamwaga chini mbele ya watu kama ya mkulima mwingine yeyote. Mahali pake ikawekwa roboti yenye akili. Mwaka mzima Kinya aliiweka hasira yake kifuani, kama moto uliofunikwa na jivu.

Siku ya mkutano wa wakulima hapo kituoni, Marete alisimama akitabasamu. "Roboti yetu inafikiri na kuongea kama sisi. Ipewe haki zote za mwanachama, hata kura."

Kila mtu alijua kura hiyo ingemwendea nani.

Kinya, naye mwanachama, akasimama. "Naunga mkono, Mwenyekiti. Lakini mwanachama ana haki ya kusema mkutanoni bila kuzibwa mdomo, ama?"

"Kabisa," Marete akajibu.

Kinya akaigeukia roboti iliyosimama kando ya mizani. "Haya, mwanachama. Majani mabaya kuliko yote hapa ni ya nani?"

"Ya mwenyekiti," roboti ikajibu. "Aliniamuru niyapitishe. Mimi ningeyamwaga."

Watu wakaguna.

"Sasa tupige kura!" Kinya akapaza sauti. "Nani anataka roboti ipewe haki?"

Mikono yote ikainuka, isipokuwa wa Marete mwenyewe. Kinya akakiendea kikapu cha majani cha Marete kilichokuwa kando ya mizani, akakimwaga miguuni pa mwenyekiti.

"Inama uchambue, mzee," akamwambia. "Majani mawili na chipukizi."