Penseli ya Mita Kumi na Saba

Mtihani wa darasa la pili ulikuwa na safu mbili: kadirio, kisha kipimo. Mtoto hutazama kitu, hukisia urefu wake na kuandika. Baada ya hapo ndipo hupewa rula. Nilikuwa nimewafundisha hivyo kwa wiki tano. Siku ya mtihani niliugua, akasimamia mwalimu wa taaluma, ambaye watoto humwita Nukta kwa sababu hakuna nukta inayompita. Aligawa rula kwanza.

Niliporudi nilikuta karatasi arobaini na mbili zimesahihishwa. Arobaini na moja zilikuwa na namba zilezile katika safu zote mbili. Watoto walipima, kisha wakajifanya wamekisia. Wote walipewa vema.

Karatasi iliyobaki ilikuwa ya binti wa fundi cherehani. Yeye aliiweka rula pembeni, akatandaza vidole na kukadiria kwa shibiri zake, kama nilivyomfundisha. Penseli: sentimita kumi na tano. Ubao: mita mbili na nusu. Vipimo halisi vilikuwa sentimita kumi na saba, na mita mbili na sentimita hamsini na sita. Kwa kuwa safu zake hazikulingana, alipewa sifuri. Juu paliandikwa kwa wino mwekundu: Akariri darasa.

Niliingia ofisini kwa Nukta bila kubisha hodi. Mama wa mtoto alikuwa ameshaitwa kutia sahihi fomu. Utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni, na mkononi alimshika binti yake kama mwizi.

"Mwalimu, hata salamu?" Nukta aliuliza.

"Salamu itafuata. Mtoto huyu amekosa nini?"

"Majibu. Penseli ni kumi na saba."

"Aliambiwa akadirie."

"Angekadiria vizuri, basi."

Nilitegemea mama atanisaidia. Badala yake alimgeukia mwanawe. "Wenzako wote wamepata! Wewe peke yako unapima kwa vidole, utadhani tumekunyima rula!"

"Mama, mwalimu alisema tukisie kwanza."

"Mwalimu alisema! Mwalimu ndiye atakayekaa na wadogo zako darasa moja?"

"Mama," nikamwambia, "mteja akisimama mlangoni kwako, hukisii kitambaa kitakachomtosha?"

"Nakisia. Lakini mimi si mwanafunzi."

Nilichomoa karatasi nyingine kwenye rundo na kuibamiza mezani. "Mwalimu wa taaluma, soma hii."

"Penseli, kumi na saba. Sahihi."

"Kumi na saba nini?"

Alisogeza miwani.

"Mita!" nikasema. "Penseli ya mita kumi na saba! Ukiisimamisha hapa inatoboa paa. Nawe umeipa vema mara mbili!"

Mama alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Hilo ni kosa dogo la kipimo," Nukta alisema.

"Dogo? Binti huyu amekosea upana wa kidole. Mwenzake amekosea urefu wa jengo. Nani akariri? Ama nipeleke karatasi zote kwa mwalimu mkuu, achague yeye?"

Nukta alikata maneno mekundu kwa mstari mmoja mrefu. "Apande. Ila usinipigie kelele mbele ya wazazi."

"Ahsante sana, mwalimu," mama akasema. Alimwambia Nukta, si mimi.

Jumatatu niliwauliza watoto dirisha lina urefu gani. "Kisieni," nikasema. Binti wa fundi alitoa rula mpya ya chuma, akaenda dirishani, akapima.

"Sentimita mia moja na nne."

"Nilisema mkisie."

"Mama amenikataza kukisia, mwalimu. Kasema kukisia kunafelisha."

Nilizikusanya rula zote, nikianza na yake, nikazifungia kabatini. Kisha nikauliza swali lilelile upya. Kama mama yake atakuja, na aje.